Pumzi ya Mlango wa Nne

Gari la marehemu Twalib halifungwi kwa umeme mtupu.
Wajerumani wa enzi ile waliamini hewa:
nyuma, ndani ya buti, kipo kipampu
kilichovikwa sifongo kama mgonjwa wa baridi.
Kikivuta, vitasa vinne huzama.
Kikisukuma, vinne huinuka.
Hapana kelele, ni kushusha pumzi tu,
kama mtu aliyeketi baada ya ngazi nyingi.

Sasa chalia.
Bi. Rukiya azungusha ufunguo, nami nasikia
mluzi mwembamba, usiokatika,
nusu dakika nzima, kisha kimya,
na vifungo vinne vimesimama vile vile
kama watoto walioambiwa walale.

"Mafundi watatu washakuja," asema.
"Mmoja alibadili fyuzi. Mmoja alibadili betri.
Wa tatu alibadili bei."

Nikavua paneli. Ngozi bado ipo,
rangi ya halua, imepasuka kwenye mishono;
mbao ya dashibodi imetoka vipele kwa chumvi ya Kizingo.
Bisibisi, klipu, klipu nyingine
(moja ilivunjika, nikaificha mfukoni).
Ndani ya mlango: vumbi lililoganda, karatasi ya peremende,
risiti ya maegesho ya Ganjoni, wino umekimbia.

Mashine ya kupimia sina. Kipimo ni ulimi.
Mrija wa dereva nikaunyonya, ukaninata. Mzima.
Wa abiria, mzima.
Wa nyuma kulia, mzima, ladha ya chaki.
Wa nyuma kushoto nikavuta,
na hewa ikaja, ikaja tu, bure, kama ahadi.

Ndivyo ulivyo mtambo huu, nikamweleza:
mirija yote yanywa kisima kimoja.
Utando mmoja ukichanika, ufa kama ukucha,
pampu huivuta dunia nzima ije ndani
na wale watatu wazima hawapati kitu.

"Dawa nyepesi ipo. Nakata mrija, naupachika msumari.
Wa nne atabaki kivyake,
watatu watashika kazi jioni hii hii.
Shilingi mia tano."

Akanyamaza. Redio ikasoma tanzia.
"Huo ulikuwa upande wa Mahfudh," akasema,
asiniambie Mahfudh ni nani,
ingawa sebuleni, nilipokwenda kunawa,
nilihesabu picha za watoto watatu
na msumari mmoja mtupu.

"Usizibe, mwanangu. Kuziba twakujua.
Tafuta mpira."

Siku mbili nikazunguka. Sparki hakuna. Majengo hakuna.
Changamwe, kwa Kombo wa vyuma chakavu,
lipo jeupe la toleo lile lile, liliingia chini ya trela:
mlango uliopona ni mmoja, wa nyuma kushoto.
Kombo akaanza na elfu nne,
akaapa kaburi la mamake,
naye mamake ndiye aliyetuletea chai.
Tukaafikiana elfu na mia mbili.

Nikaufunga. Nikapaka vaselini kwenye maungio.
Klipu niliyoivunja nikairudisha kwa gundi, kimya kimya.

Bi. Rukiya akazungusha ufunguo.
Pampu ikavuta.
Tap, tap, tap.
Nikahesabu. Jasho likaniingia jichoni.
Kisha wa nne, mzito, amechelewa,
kama anayejaribu sakafu kwa mguu kwanza:

tap.

Pampu ikalala ndani ya sifongo lake.
Akafungua. Akafunga. Akafungua tena.
"Utamaliza betri, mama," nikasema.
Hakunisikia. Alikwisha kuzunguka nyuma, kushoto,
mlango kaufungua kwa mkono wake mwenyewe,
apangusa kiti kwa ncha ya leso
mahali pasipokuwa na vumbi.

Nikaondoka polepole, nisimkatize.
Bisibisi yangu ya nyota ilibaki mle kwenye zulia.
Sijaifuata bado.