Simu ya Nne

Nilihamisha kiti cha Kisimba siku ya Jumanne,
kutoka barazani hadi kando ya kichuguu,
kwa sababu jua la jioni lilikuwa likikikalia
kana kwamba ndiye yeye.
Hakuna aliyeniona. Mbwa tu.
Alhamisi shemeji akapiga simu kutoka Likasi,
akauliza hali, akauliza mvua,
kisha: "Na kiti cha kaka yangu, mbona umekitupa uani?"

Nikatazama ukuta. Nikatazama lango.
Nikainua macho hadi chini ya bati,
pale jicho dogo jeusi lilipokuwa limening'inia
tangu wiki ya mazishi.

Ni yeye aliyelileta. Tulimshukuru,
tukampikia bukari na samaki.
Alisema mjane wa Katuba halali salama bila mlinzi,
na huyu halewi, hasinzii, hadai mshahara.
Fundi Trezori akapanda ngazi.
Shemeji akaketi chini na simu yangu mkononi,
akaandika neno la siri, akanirudishia.
"Usijisumbue nalo, yaya. Mimi nitalikumbuka."

Miezi saba nimefagia mbele yake.
Nimeanika nguo zangu za ndani mbele yake.
Na usiku ule nilipokaa ngazini nikilia polepole,
nisiwaamshe watoto,
mtu alikuwa Likasi, ameegemea mto, anatazama.

Masengo akaja Jumamosi na madaftari yake ya chuo.
"Mama, fungua hapa. Sasa hapa. Teremka."
Orodha ya simu zilizoingia kwenye akaunti:
yangu, yake, ya kaka yake kule Kolwezi.
Ya nne: Likasi, jana, saa nane usiku.
Na juzi. Na kabla ya juzi.

Hatukupiga kelele.
Alibonyeza neno moja, Ondoa,
na simu ya nne ikafutika
kama pumzi inavyofutika kwenye kioo.

"Sasa neno jipya. Refu. Lisilojulikana na mtu."

Nikasema Kisimba. Limechongwa kaburini, mama.
Nikasema mwaka wa ndoa. Uko kwenye vitenge
tulivyowavisha watu mia mbili.
Nikasema Kaputeni.
"Mama! Jina la mbwa unaliita kila jioni
hadi mtaa mzima unaitika."

Nikanyamaza.
Sikujua kilichobaki kwangu peke yangu
kilikuwa kidogo hivyo.

Kisha nikakumbuka.
Kabla ya Masengo, kabla ya lupango huu,
kulikuwa na mmoja aliyekaa siku mbili.
Hakuandikwa popote. Baba yake alikuwa mgodini, zamu ya usiku,
nami nikamnong'oneza jina
ili asiondoke mikono mitupu.

"Geuka," nikamwambia binti yangu. Akageuka.
Nikaandika herufi mojamoja,
nikaongeza tarakimu nisizozisema,
na mwishoni, kwa kuwa chombo kilidai alama,
alama ya mshangao.

Masengo akaweka kufuli la pili:
anayetaka kuingia, namba sita zitakuja kwanza kwangu.
"Na hizo, mama, hata mimi usinisomee."

Saa nane na dakika kumi usiku simu ikatetemeka kitandani.
Kuna mtu amesema amesahau neno lake la siri.
Namba sita. Usimpe yeyote.
Nikazisoma kimoyomoyo, kama mtu anayehesabu
vidole vya mtoto.

Haikupita dakika, ikalia.
"Yaya, samahani kwa usiku. Kuna namba
zimekuja kwako kwa makosa. Hebu nisomee."

"Sikusikii, shemeji," nikasema.
"Mvua ni kubwa sana huku, inapiga bati."

Nje, juu ya kiti na kichuguu,
hapakuwa na hata tone.