Visiki vya Daraja

Thelathini na moja kwa mia.
Namba ndogo, imekaa kwenye simu yangu
kama mgeni asiyevua viatu.

Somo: Nadharia ya Miundo.
Mahali: Dundee, Uskoti, mwisho wa Januari,
jua linaaga saa kumi na nusu
na mvua hainyeshi, inaelea tu,
ikitafuta kola iliyo wazi.

Kwetu Taveta mtu hashindwi mtihani.
Huanguka.
Na majirani huuliza, kaangukaje?
kana kwamba alikuwa juu ya paa.

Mama alipopiga aliniuliza habari.
Nikasema nzuri.
Ndiyo lugha yetu: nzuri kwanza,
hata kama maiti iko sebuleni,
nzuri, kisha ndipo ije "ila".
Ila yangu niliimeza
na chai iliyokwisha kupoa.

Wakesho, dada yangu, hakudanganyika.
Akaandika: Kujikwaa si kuanguka.
Nikamjibu: Sikujikwaa.
Ng'ombe wawili waliuzwa nipate tiketi,
na nimeanguka.
Akanyamaza kitambo,
kisha akatuma picha ya kuku
aliyesimama juu ya pikipiki ya baba.

Nikatoka kwenda mtoni.
Tay ni mto mpana, rangi ya sufuria kuukuu.
Daraja la reli linauvuka taratibu,
na kando yake, majini, visiki:
kimoja, kingine, kingine,
kila nguzo hai na jirani yake aliyekatwa.

Daraja la kwanza liliangushwa na upepo
usiku mmoja wa Desemba, zamani,
treni ikiwa juu yake.
Walikufa watu. Sitawageuza mfano wangu;
alama zangu hazikumzamisha mtu.

Lakini nilisimama pale hadi vidole vikafa ganzi.
La pili walilijenga bega kwa bega na la kwanza.
Visiki hawakuving'oa.
Mihimili iliyosalimika wakaihamisha,
ikabebeshwa mzigo upya.
Hata garimoshi lenyewe walilivua,
wakalifuta matope, likarudi kazini,
na watu wa hapa, kwa ulimi wao mkali,
wakaliita Mpiga Mbizi.

Jumatatu, maabara.
Bwana Farquhar amefunga boriti ya zege kwenye mashine,
anaongeza mzigo, anaongeza.
Ufa ukatokea, mwembamba kama unywele.
Akaongeza.
Mlio wake niliusikia kwenye meno.
Yeye akaandika namba kwa penseli, akanung'unika:
"Isiyovunjika haituambii kitu."
Nikangoja aendelee.
"Chukua fagio, Mwandoe."

Nikafagia.
Zege lilikuwa vipande na vumbi,
nondo ndani yake imepinda,
haijakatika.

Usiku ule nikaufungua mtihani wangu
uliokuwa ukinitazama siku tisa.
Swali la tatu: alama ya kutoa imenitoroka,
kinachovutwa nikakiita kinachosukumwa,
na kurasa nne zikajengwa juu ya hapo,
kwa mwandiko mzuri sana.

Sasa tuko watatu, kila Alhamisi,
chumba cha chini cha maktaba, penye bomba linalokoroma.
Eilidh wa kisiwa cha Skye, aliyeanguka mara mbili.
Temitayo, anayelia kidogo, kisha anakokotoa.
Sharti la chama: kabla ya kumimina chai
kila mtu ataje alama zake kwa sauti.
Mara ya kwanza sauti yangu ilitoka kama ya mwizi.
Wiki hii Eilidh alisema, "Thelathini na moja?
Tajiri wewe," tukacheka mpaka mlinzi akachungulia.

Bado sijui kama nitapita Agosti.
Kuna maswali yananikataa hata leo.

Jana mama akapiga.
Habari?
"Nzuri," nikasema. "Ila..."
Upande wa pili, kimya, jogoo mmoja, redio ya jirani.
"Ila nini? Sema. Nzuri yako ya juzi
ilikuwa fupi mno."
Nikasema yote, hata ile alama ya kutoa.
Hakunipa methali.
Aliuliza marudio ni lini,
akauliza kama kunako baridi,
akauliza kama nimekula.