Chumba Mia Sita

Simu tatu nilizipata Shangani, kampuni ilipofunga ofisi,
elfu kumi kila moja, vumbi lake bure.
Nikapitisha waya darini, mende wakinipisha,
sebuleni hadi jikoni, jikoni hadi chumba cha baba,
ambaye hakuuliza.
Nikazipa namba: mia moja na moja, na mbili, na tatu.

Jumapili ya kwanza zililia zote kwa pamoja,
nyumba ikaruka kama imepigwa kofi.
Mama akaiwahi ya jikoni, mikono ina tui,
na hizo mbili zikanyamaza palepale, zimenuna.
Dadi akainua ya sebuleni: uuuuu, basi.
"Mbona shangazi hayumo?"
Yumo, mwanangu. Ila yumo ya jikoni.

Ndivyo zilivyo simu hizi, awahiye ndiye mwenye mtu.
Si kama ile ya waya wa posta, mama anasimulia,
nyumba aliyofanyia kazi Ligula:
ukiinua huku, mwingine akainua kule,
mnamkuta yuleyule, mnasalimu kwa zamu.
Hizi hazijui zamu. Hizi hufundishwa.

Nikazifundisha siku nne, umeme ukikatika mara sita.
Nikajenga humo ndani chumba kisicho mlango wala kitanda,
namba yake mia sita.
Somoe akipiga toka Maskati anaingia, anakaa,
nasi kila mtu alipo tunabonyeza sita, sifuri, sifuri,
tunamkuta.
Na kwa kuwa mashine ilihesabu watu kwa sauti ya mwanamke
asiyejua Kiswahili,
nikarekodi yangu, chini ya shuka, jogoo asiingie:
Mpo wawili. Mpo watatu. Mpo wanne.
Nilifika hadi kumi. Kumi ilikuwa tamaa.

Jumapili ya pili: mama jikoni, mimi na Dadi sebuleni
tumebanana sikio kwa sikio kwenye mkono mmoja.
Mpo watatu, nikajisikia nikisema.
Somoe akacheka: "Nani kakufunza kusemea puani?"
Mama akaanza na ming'oko, jinsi ya mwaka huu ilivyo midogo,
inachimbwa mchana kutwa na sufuria haijai, na...
Mpo wanne.

Mama akakatika. Dadi akahesabu vidole, akarudia.
Mlango wa chumba cha baba ulikuwa umefungwa.
Miaka minne, tangu Somoe abebe malipo ya pili ya korosho
akapandia ndege,
baba hajalitaja jina lile hata kwa kuliuma.

Kule Maskati kimya kidogo, kiyoyozi kinakoroma.
Kisha Somoe akauliza, polepole, kama anayevuka ubao:
mikorosho ya Nanyamba imepuliziwa salfa?
Ule wa mpakani, unaoangukia kwa Nalinga, unazaa bado?
"Nadhani," mama akajibu, ambaye hajui. "Labda."
Na nyuma ya mama, nyuma ya Dadi anayetafuna kitu,
pumzi ya mtu anayejua.

Mama akaaga haraka, eti wali unaungua.
Wali ulikuwa haujabandikwa.
Mpo watatu.
Nikaaga na mimi, nikarudisha mkono mahali pake,
na hapo sikusikia tena, ila najua
sauti yangu iliwaambia nini, mimi mwenyewe sipo.

Kwenye simu ya sebuleni kuna taa ndogo ya kila namba.
Ya mia moja na tatu ilikuwa nyekundu.
Dadi akanyoosha kidole kwenye sita.
Nikakishika.
Tukakaa hivyo, tunaitazama taa,
nami mguu nimeuweka mbele ya soketi
mtu asipite akaupiga waya,
namwomba Mungu, na shirika la umeme, leo tu,
leo tu, wasikate.