Masbuku

Bi. Mwanahija katoka Bungoni na amplifaya kichwani,
kaishusha mezani petu, Gerezani,
akajipangusa jasho kwa ncha ya mtandio, akasema:
"Haijafa. Inakula herufi."

Kaseti ni ya marehemu kaka yake,
salamu alizomtumia kutoka Tanga mwaka wa harusi.
Tukaiweka. Besi ikatikisa kikombe cha skrubu,
na kaka mtu akafungua kinywa:
*alama, dada yangu, alama.*
"Mmesikia? Kanitumia salama,
chombo kinanipa alama."

Baba pembeni anasokota waya.
"Mbona inasema vizuri tu."
Masikio yake yana miaka sabini na mmoja;
kutoka mizunguko elfu sita kwa sekunde kwenda juu
ni ghorofa lililong'olewa ngazi.

Nikafungua kifuniko, huku nikimtukana kimoyomoyo
fundi aliyetangulia.
Nikaingiza wimbi la mraba. Kwenye kioo cha oskiloskopu
likatoka limelika kona,
kipande cha sabuni baada ya wiki ya kufua.
Sauti za juu zimepungua, sawa,
lakini pia zimechelewa:
besi zimeshasujudu, zenyewe ziko kwenye rukuu,
masbuku wanaoifukuzia safu.

Maana ndani ya amplifaya kuna njia ya kurudi.
Tone la sauti iliyotoka hupelekwa mlangoni
kumwambia anayeingia: umezidisha, punguza.
Onyo likiwahi, chombo kina adabu.
Likichelewa nusu mzunguko
hugeuka hongera: ongeza! ongeza!
na transista hupiga ukelele wa kusikiwa na mbwa tu
mpaka ziungue.
Ndiyo maana huwekwa kapasita ndogo, punje ya dengu,
kuwashika shati wenye haraka.
Kiwanda kiliandika pikofaradi thelathini na tatu.
Niliyoikuta ni mia tatu na thelathini.
Sifuri moja, imemeza sini na shini zote.

Na chini ya kifuniko, kwa kalamu ya risasi:
*Pazi, 14/8/87.*
Alama.

Baba akavaa miwani.
"Mwaka ule," akasema, "ilikuwa inaunguza transista kila Ijumaa.
Nyingine hupati, hata kwa dawa.
Droo ilikuwa na hii.
Nikaona bora iwe na kithembe kuliko iwe maiti."
Nje kipaza cha muuza soksi kinarudia bei ileile,
kikali, kimepasuka, hakikosi herufi hata moja.
Sikuwa na la kumjibu.

Nikajaribu ile ya kiwandani: kona ikawa wembe,
ikatetemeka, sahani ya kupoza ikanichoma kidole.
Transista hizi si zile alizozaliwa nazo.
Nikapanda hadi arobaini na saba.
Kona ikatulia, ikabaki na kinundu.
Kinundu nikakiacha.

Sikumwambia baba asikilize. Nilimgeuzia kioo.
Akaufuata mstari kwa ukucha, akafika kona,
akasimama pale kama mtu aliyeahidiana na mwenzake.
Kaseti ikarudi mwanzo.
*Salama, dada yangu, salama.*
Midomo ya Bi. Mwanahija ilitangulia maneno,
na baba alikuwa anaitazama midomo ile.
"Naam," akasema. "Imefunguka."
Kaisikia kwa jicho au kwa sikio, sijamuuliza.

Akatoza elfu nane, akapunguziwa hadi sita.
Ile mia tatu na thelathini akaipuliza vumbi,
akaitia mfuko wa shati,
penye kalamu ya risasi.