Herufi Iliyokatika

Taipureta ya Bi Mandia haikuwa na F.
Mkono wa herufi ulikatika mwaka wa mvua kubwa,
na fundi wa Barabara ya Saba akasema: agizeni nyingine,
au muandike habari za watu wasio na wafalme.

Hakuagiza. Pensheni iliishia kwenye nauli:
Soni, Bumbuli, Mlalo, kwa wafinyanzi, kwa wafua vyuma,
kwa wajane wanaokumbuka nani alitoa mbuzi wa kodi
na nani alikimbia naye usiku.
Akirudi Ngamiani, daftari zikinuka moshi na iliki,
mimi nachapa, naruka mwanya,
jioni natia wino:
m alme, u alme.
Na kwa kalamu ileile: aliku a.

Siku moja nikamwambia, Bibi,
kiti na kaburi vinakula herufi moja.
Alicheka hata miwani ikamdondoka.
"Andika hilo," akasema. Kisha:
"Hapana, usiandike. Halina ushahidi."

Ndivyo alivyokuwa. Ushahidi kwanza, chai baadaye.
Waliokuja kudai babu zao walitawala
aliwauliza: alizikwa wapi, na nani alishika jembe?
Bwana mmoja wa suti alileta bahasha
apachikwe kwenye ukoo wa ngozi ya simba.
Bahasha ilirudi ilivyokuja, mandazi mawili juu yake.

Ila kati ya mfalme wa nne na wa tano
palikuwa na shimo la miaka kumi na minane.
Huku walisema dada mtu alitawala, kule walisema njaa.
Alipanda, akashuka, magoti yakagoma,
na ukurasa wa tisini na moja ukabaki na neno moja.

Mwenye kiwanda cha chapa aliona ni kosa. Akaniita pembeni:
jaza hapo mistari mitatu tu, nani atajua?
Bibi alikuwa Bombo, wodi ya wanawake, mrija puani.
Na mimi mistari nilikuwa nayo. Mizuri. Ina malkia, ina mvua.

Nikampelekea.
Aliisoma mara mbili, karatasi ikimtetemeka kifuani.
"Nzuri," akasema. "Sasa niambie, nani alikuambia?"

Kitabu kilitoka baada ya arobaini yake.
Ukurasa wa tisini na moja upo, mweupe kama sanda,
na katikati: *Sijui.*
Nililitazama sana neno lile.
Taipureta ililiandika lote yenyewe,
halikuhitaji wino wangu.