Ukurasa wa Tisa

Kanuni za mchezo niliziandika mwenyewe,
peni nyekundu, ghorofa ya nne, Michenzani:
*Mazimwi. Wabaya tangu matumboni. Ukiliona, ua.*
Raha tupu. Dadu zikarindima sakafuni,
Shaame akaua saba kabla chai haijachemka.

Zamu ya Mize. Dadu akaishika tu.
"Zimwi hili, lina mama?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Wiki yangu ya kwanza skuli, hapa Unguja,
niliulizwa: we Mpemba, ungo wako umeuegesha wapi?
Nami nimekuja kwa boti,
natapika tangu Mkoani."

Feni ikazunguka. Chai ikafurika jikoni, hakuinuka mtu.
Aliyeuliza siku ile ni Shaame.
Aliyecheka hadi kushika mbavu, mimi.

Nikaufuta ukurasa wa tisa. Wino mkaidi:
*ua* bado lasomeka ukiliinamisha daftari kwenye taa.
Pembeni nikaandika, kwa mwandiko mbaya,
*Kwanza liulize jina.*

Mize akarusha. Sita.

"Naitwa Kombo," likasema zimwi,
likijifuta matope mlangoni.
"Hiyo chai,
imebaki?"