Ganzi

Kidole kimoja hakivunji chawa, tulifundishwa.
Mimi nilikuwa navyo kumi
na chawa akapita zake.

Miaka ishirini na mbili nabangua korosho Masasi,
jiwe chini, kigongo juu,
mafuta ya ganda yakinila ngozi
hata yule kijana wa vitambulisho
aliponibandika kwenye kioo mara ya tano
akasema, "Bi Somoe, mashine haikuoni."

Kisha ikaja baridi yabisi.
Baridi gani, niliuliza, Masasi hii,
majabali yanatoa joto hadi usiku wa manane?
Vifundo vikavimba kama tangawizi.
Usiku sindano: dole gumba, cha shahada, cha kati,
na nusu ya cha pete.
Nusu, si chote.
Hata maradhi yana mpaka wa shamba.
Naamka, naukung'uta mkono kama kanga yenye siafu.
Kikombe nasikia kimevunjika
kabla sijajua nimekiachia.

Daktari Chilumba, msichana wa Kitangari,
akachora nyuma ya kadi yangu:
"Hapa pana kijia. Kuta zake mfupa, dari yake ukano.
Ndani zinapita kano tisa na mshipa mmoja wa fahamu.
Kano zimevimba, fahamu haina pa kupumulia.
Tutapasua dari tu, mama.
Tundu moja, kama la kifungo,
na kamera nyembamba kuliko mrija wa soda."

Fomu ikataka dole gumba.
Wino ukaacha doa laini, halina mstari hata mmoja.
Muuguzi akalitazama, akatia sahihi ya ushahidi.

Wakanichoma ganzi
ili waniondolee ganzi.
Nikacheka, wakaniambia nisitikisike.
Kwenye kioo nikaona ndani ya mkono wangu:
peupe, pang'avu,
kama kokwa kabla ya kuonja moto.
Sikujua ninapo mahali
ambapo korosho haijafika.

Usiku wa tatu nililala mpaka adhana.
Nikaamka nimeshtuka, natafuta maumivu
kama mtu aliyepapasa mto akakosa funguo.

Vidole bado vimepinda. Aliniambia mapema:
baridi yabisi haijahama,
vidonge vyake ni vya kila wiki,
na mkono wa kushoto unangoja zamu.

Lakini jana mkwe wangu Asumini kaniletea mchele nichague
na dole gumba likakuta kijiwe
kabla ya macho.

Sikukitupa.
Kiko hapa, kwenye pindo la kanga,
nakigusa.